Mume Wangu Uliye Goma na Marakuja Yetu

Mpendwa mume wangu,

Barua hii sikuifunga. Dereva wa pikipiki anayeileta akitaka aisome, jirani akitaka naye aisome, wote wajue kwamba nina mume na ninampenda. Leo asubuhi nimeokota peke yangu matunda ya pasheni, marakuja yetu, yaliyoiva na kuanguka yenyewe, nikakumbuka wiki yetu ya kwanza baada ya harusi. Wewe ulianzia mwisho mmoja wa mstari na mimi mwingine, ili tukutane katikati. Kila siku tulikutana mapema mno, kwa sababu ulikuwa unaruka mengine makusudi!

Unakumbuka siku ile ya kwanza nyumbani kwetu Karuba? Wewe ndiye uliyenieleza kwamba zamani mnunuzi mmoja tu, mwenye kibali, ndiye aliyeruhusiwa kupeleka marakuja nje ya nchi. Lori lake likichelewa, mavuno ya Nyabiondo nzima yalioza kwenye magunia. Kisha serikali ikafungua biashara: anayetaka anunue, anayetaka avushe mpaka. Basi ukapakia magunia yako mwenyewe kwenye pikipiki, mvua ikakuzuia kwetu, na mama yangu akakupa kikombe cha maziwa ya moto. Ukataka kutushangaza. Ukakamulia marakuja ndani yake, maziwa yakakatika yote.

"We mutoto ya Nyabiondo," mama akasema, "nani alikuomba ututengenezee fromaji?"

Ulicheka mpaka ukasahau aibu, kisha ukanywa kikombe chote na mabonge yake ya jibini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Mume wangu, hapo hapo nilikwisha! Naishukuru mvua ile. Naishukuru hata sheria ile mpya, maana lori la mnunuzi wa zamani lilikuwa linapita kwetu bila kusimama.

Lakini sheria hiyo hiyo ndiyo iliyokuchukua. Wanunuzi walipokuwa wengi bei ilipanda, tukafurahi. Halafu wakaanza kukimbizana, wakachuma hata mabichi ili wasitanguliwe, na hakuna tena wa kukagua. Sasa wanaovusha matunda wanashuku kila gunia linalotoka kwenye vilima vyetu. Lazima mkulima asimame Goma kando ya mzigo wake, akate tunda mbele yao, waonje. Ndiyo maana wewe unalala huko na mimi nakumbatia mto wako.

Jana alikuja mnunuzi kutoka njia ya Walikale, na pikipiki tatu tupu.

"Mama, uniuzishie yote, mabichi na ya kuiva. Hakuna tena mzigo ya kusimamia Goma, bwana yako atarudia kesho."

Kusema kweli, nilitamani kukubali. Kesho! Nilikuona kabisa ukiingia, na matope kwenye suruali. Lakini nikawaona pia watu wale wa Goma, ambao sasa wanakuamini, wakikata tunda kutoka shamba letu na kulikuta bichi. Tungepoteza imani yao yote, na bila hiyo tungekula nini mwaka ujao? Nikamkatia tunda bichi.

"Onja kwanza, Papa."

Akaonja, uso ukamkunjamana.

"Sasa nani atakunywa juisi ya hii?" nikamuuliza.

"Mama, miye sinywaka. Miye nauzishaka!"

Nikacheka, naye akacheka, kisha nikamwambia siuzi. Alipofika barabarani akapiga kelele, "Basi ulale na marakuja yako!" Majirani wote wakasikia. Nikalia kidogo, sikufichi.

Halafu nikajiuliza: ni nani aliyesema kwamba lazima mkulima asimame Goma peke yake? Nikaenda kwa mama yako, nikamwomba aokote yatakayoanguka wiki hii.

"Enda, binti yangu," akasema. "Nimechoka kukusikia unaita jina la mutoto yangu mu shamba muzima."

Asante kwa kunichagua, mpenzi. Asante kwa shamba, kwa mama yako, kwa kila asubuhi uliyoruka matunda ili unifikie mapema. Usinijibu barua hii. Inua macho tu uangalie barabara ya Sake: nyuma ya dereva aliyekuletea barua inakuja pikipiki nyingine yenye magunia mawili, na juu ya magunia nimekaa mimi.

Nifungulie mikono,
Mke wako