Ndege ya Kilo Kumi na Moja

Jumatatu, 7 Julai

Mota mbili za pampu nimezimaliza kabla ya adhuhuri. Ya tatu imeungua hadi ndani, waya wote wa kutupa. Umeme ukaondoka. Nikasuka waya mpya kwa mkono karibu na mlango, penye mwanga.

Mhandisi wa mtaa wa Kigobe amepiga simu. Mkataba wake wa barabara umekwisha, anarudi kwao, anauza kila kitu. Miaka mitatu nimemtengenezea jenereta, na kila Jumapili alikuwa akinifundisha kurusha vindege vyake vidogo vya povu gumu. Sasa anauza ile kubwa. Ndege ya rimoti, mabawa mita mbili na sentimita sitini, mota ya petroli. Akaniuliza kama naitaka. Nikasema ndiyo kabla hajataja bei.

Halafu nikakaa nikajiuliza, kwa nini ndiyo? Naandika ukweli, hakuna atakayesoma. Kaka Salum anapoteza macho. Presha ya macho. Daktari alisema mwanga ukiondoka haurudi. Baba alikuwa na karo ya mtoto mmoja, akasomeshwa Salum. Akawa fundi wa taa za uwanja wa ndege, shati jeupe kila siku. Mimi, wa miaka kumi na miwili, nikapelekwa gereji kuosha vyuma. Karakana hii ya Ngagara nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Salum hajawahi kuingia kutazama. "Mambo yako ya waya," ndivyo anavyosema. Nataka aone kitu kimoja nilichokifunga mimi kikiruka, kabla macho yake hayajazima. Kimoja. Basi.

Jumatano, 9 Julai

Nimeuza pikipiki. Ilikuwa imelala tangu esansi, yaani petroli, ipotee mjini, inakula vumbi tu.

Dieudonné, jirani yangu mwenye pikapu, ndiye aliyenipeleka Kigobe. Njia nzima ananicheka. "Wengine wanauza pikipiki wanunue kiwanja. We Musa unanunua ndege isiyo hata na kiti!"

Imekaa stoo miaka miwili. Nimeikagua saa nzima. Kilo kumi na moja. Nyekundu na nyeupe. Elisi, lile panga la mbele, ina ufa nchani: haifai. Mpira wa mafuta umekauka. Bawa la kushoto limewahi kuvunjika, likagundishwa vizuri. Nilipunguza bei kwa kila kasoro. Mhandisi akacheka, akaongeza elisi mpya. Alipofunga mlango wa stoo tupu alifuta macho. Nikamwambia betri zake zimevimba.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemleta Salum karakanani. Mara ya kwanza. Nilimpitia kwake Mutakura, akanishika mkono njia nzima. Miwani myeusi, kama siku zote sasa.

Aliipapasa ndege kuanzia pua hadi mkia, polepole, skrubu baada ya skrubu. Akasimama kwenye bawa la kushoto.

"Hapa ilivunjika."

Nilishangaa. Mimi gundi ile sikuiona mpaka nilipowasha tochi. Nikamuuliza kama rangi inampendeza.

"Nzuri. Inang'aa."

Nikafurahi kama mtoto. Aibu, mtu wa miaka hamsini na miwili.

Jumapili, 13 Julai

Kazi siku nzima. Mpira mpya wa mafuta. Mota ndogo inayovuta kibapa cha mkia, kile kibao kinachopanda na kushuka, ilikuwa na meno yaliyolika. Nimeweka nyingine. Halafu mizani. Ndege hii lazima ikae sawa ukiinyanyua kwa vidole viwili, sentimita kumi na tano nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Ilishusha mkia. Nikatia puani risasi za nyavu, zile za wavuvi, gramu mia mbili na kumi. Sasa pua inainama kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Rimoti ilikuwa imehifadhi mipango ya ndege nyingine. Kijiti kulia, mabawa yanajibu kushoto. Ukiruka nayo hivyo inajipindua na kuchimba ardhi. Nimegeuza moja moja. Salum alikuwa ameketi kwenye pipa. Nikasukuma kijiti kulia, nikamuuliza kama kibapa cha bawa la kulia kimepanda. Akainuka, akaweka kiganja juu yake.

"Kimepanda. Rudisha. Sasa kushoto."

Akanikagulia hivyo hadi mwisho, kama bosi. "Apana haraka, mudogo wangu. Kitu cha hewani unakiuliza mara tatu."

Nilikasirika. Halafu nikaona yuko sahihi. Nikakasirika zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Vituo vyote vya mafuta vikavu. Nimenunua esansi kichochoroni, chupa mbili za maji zilizojaa. Wauzaji hawa huongezea mafuta ya taa, kila mtu anajua. Ya kwanza nimeipima: tone kwenye karatasi, likakauka bila kuacha doa. Nzuri. Nikachanganya na oili, sehemu moja kwa thelathini na mbili.

Mota iligoma, iligoma, ikawaka. Karakana ikajaa moshi. Mama mmoja jirani akaja na beseni la mihogo, akauliza mashine ya kusaga imefunguliwa lini. Chupa nzima imeishia kwenye kurekebisha kabureta.

Salum alisikiliza akiwa nje. "Ukipunguza moto, inasita."

Kweli inasita. Nikakaza skrubu robo mzunguko. Ikatulia.

Nikasema Jumapili tunaruka. Akasema, "Inshallah, niione."

Jumamosi, 19 Julai

Shemeji Zaina, mke wa Salum, amenisimamisha kwenye mlango wao. Alitaka kusema kitu. Salum akakohoa ndani. Zaina akasema tu nimchukulie kaka yangu kofia, jua la Gihanga, tunakorushia kesho, kali.



Jumapili, 20 Julai

Naandika kwa shida.

Tulifika Gihanga asubuhi kwa pikapu ya Dieudonné, mbali na mji, mbali na uwanja wa ndege. Mkuu wa kilima, kiongozi wa eneo lile, alituruhusu, akabaki kutazama. Mpunga umevunwa, na katikati ya mashamba kuna njia ngumu iliyonyooka. Nikamkalisha Salum kwenye kiti cha plastiki, upepo usoni.

Ndege ikaacha ardhi ndani ya mita thelathini. Duru ya kwanza sikuondoa macho angani. Ya pili nikamtazama Salum kwa kuibia. Uso juu, shingo inazunguka. Ndege ikienda upande wa milima ya Kongo, anaielekea. Ikirudi, anaielekea. Dieudonné anapiga kelele, "Musa, pikapu yangu bado nadaiwa, usiiangushie!" Salum anatabasamu. Nikasema moyoni, anaiona. Ananiona.

Duru ya tano nikapunguza moto nijiandae kutua. Mota ikakohoa mara mbili. Ikazimika. Iko juu mita sitini hivi, na mbali.

Chupa ya pili. Sikuipima. Muuzaji yule yule, nikaona inatosha.

Ndege bila mota haina sauti, na haina nafasi ya pili. Unashusha pua ili ishike mwendo, ingawa mwili wako wote unataka kuinua. Nikashusha. Nikaigeuza mara moja tu, kwa upana, nikailinganisha na njia. Ikapita juu ya mfereji, chini kabisa. Ikagusa kwa matairi mawili pamoja, ikakimbia, ikasimama hatua chache mbele ya kiti cha Salum.

Sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile maishani. Nikageuka nimwone anavyoniona.

Uso wake ulikuwa bado juu, kule sauti ilikokatikia. Ameinua mkono.

"Musa! Imeanguka? Imeanguka wapi?"

Dieudonné akaacha kushangilia. Mkuu wa kilima akatazama pembeni. Ndege ilikuwa pale pale mbele ya viatu vya Salum.

"Apana, Kaka. Imetua."

Akashusha uso haraka, upande ambao ndege haikuwapo. "Eh. Niko naiona. Vizuri sana."



Jumatatu, 21 Julai

Sikufungua karakana. Alinidanganya. Nimeuza pikipiki yangu kwa ajili ya mtu anayesikiliza tu. Risasi gramu mia mbili na kumi, kila skrubu, kila gundi, na hakuna alichokiona. Hata rangi. "Inang'aa"!

Zaina alikuja mchana, amebeba mfuko wa mchele kana kwamba kuna msiba. Jicho la kushoto liliondoka kabla ya Ramadhani, akasema. La kulia baada ya Idi. Salum alimkataza kuniambia.

"Alisema, Musa akijua ataacha kuja kunichukua."

Nikamwambia ni uongo, ningekuja.

"Zamani ulikuwa unakuja, shemeji?"

"Na yeye alikuwa anakuja kwangu?"

Zaina akaacha mchele mezani akaondoka.

Nimelia. Kwa kelele, mlango umefungwa. Si kwa ajili yake tu. Nimesubiri macho yale tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na nimechelewa kwa miezi michache.

Jumatano, 23 Julai

Mteja amekuja kuchukua mota, akaiona ndege, akauliza bei. Nikasema haiuzwi. Akauliza ya nini sasa. Nikamwambia vanishi ya mota yake haijakauka, arudi kesho. Ilikuwa imekauka.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemwaga esansi iliyobaki, nimesafisha kabureta. Jioni nikaenda Mutakura.

Salum alikuwa uani, bila miwani. Macho yake yametulia mahali pamoja, hayatafuti kitu. Nilivuta kiti. Alijua ni mimi kabla sijaketi. Hakuna aliyeomba radhi.

Baadaye akauliza, "Ilizimikia wapi?"

Nikamwambia. Akauliza ilikuwa juu kiasi gani, upepo unatoka wapi, nilishusha pua kwa kiasi gani, kwa nini sikugeuza mapema zaidi. Nilimjibu yote kwa mita na kwa sekunde. Nilipobishana naye kuhusu upepo, alikubali. Nilipofika kwenye mfereji alishika ukingo wa kiti. Matairi yalipogusa, akashusha pumzi.

Hakunipongeza. Akasogeza kiti chake karibu.

"Rudi pale mota inakohoa," akasema. "Enda polepole."

Nikarudi. Giza lilikuwa limeingia. Zaina akaleta taa, akaiweka upande wangu.