Mistari Chini ya Chokaa

Dada yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Na shemeji, bado anabishana na redio? Msalimie sana, na watoto pia. Huku tu wazima. Mke wangu anakoroma vilevile, ila akiisoma barua hii nitakana.

Habari kubwa ni wanafunzi wa chuo waliokuja kukisaidia kikundi cha wapangaji. Si unajua, kila mvua maji yanaingia ndani, kikundi kinaenda kuomba mtaro, na ofisi ya mtaa inasema haina ushahidi. Basi watoto hawa wakaja na simu zao na tepu ya kupimia. Mwanzoni niliwacheka, nikasema wamekuja kujipiga picha waondoke. Loo, niliumbuka!

Wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza maji yalifika wapi, magotini au kitandani, wakapima na kurekodi. Sasa kuna ramani ndani ya simu, kila nyumba ina kidoa chake. Ukikibonyeza, unamsikia mwenyewe akieleza. Mwenyekiti wetu, yule mshonaji, alipoisikia sauti yake alikaa kwenye cherehani akalia. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wenzake kurekodi, na ukikosea anakufokea kweli kweli.

Kiongozi wao ni binti tunayemwita Sentimita kwa jinsi asivyochoka kupima. Nampenda mtoto yule, hana makuu. Kitu kimoja tu kilimshinda: ile safu ya nyumba ulikokuwa ukikaa. Watu walisema maji hufika madirishani, lakini kuta zilikuwa nyeupe pee. Alisema bila alama kwenye kuta zile, ofisi itakataa, na mtaro lazima upite hapo hapo. Alisimama akiutazama ukuta, na mimi nilikuwa pembeni yake na ndoo yangu ya chokaa.

Dada, hapa soma polepole. Kuta zile nilizipaka mimi. Kila maji yakipungua, mwenye nyumba alikuwa ananiita kabla wakaguzi hawajafika. Hata mwaka ule uliposema mbele ya ofisi kwamba maji yalifika dirishani, wakaja wakakuta ukuta msafi, wakakuita mwongo mpaka ukahama kwa aibu, nilikuwa nimeupaka jana yake. Nilinyamaza. Nikakubebea na masanduku siku ya kuhama.

Basi nilichukua kisu cha kukwangulia rangi nikaanza. Nilikuwa nimepaka juu ya tope bila hata kuosha ukuta, kazi ya kihuni, na safari hii uhuni wangu ulisaidia. Tabaka zilitoka zote: chokaa, tope, chokaa, tope, mwaka hadi mwaka. Sentimita hakunikaripia. Alipima, akapiga picha, kisha akaniomba kwa upole niyaseme mwenyewe kwenye simu. Nikasema. Kidoa cha nyumba yako ya zamani kina sauti yangu sasa, inasema dada yangu alisema kweli.

Alhamisi asubuhi sauti hiyo itasikilizwa ofisini mbele ya watu wote. Mwenye nyumba hatanipa kazi tena, na iwe hivyo. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza.

Njoo, dada, ukae mbele kabisa, wale waliokuita mwongo wakuone. Na kama siku hiyo hutaweza kuniitikia salamu, pita tu, nami nitakuwa nimesimama mlangoni.

Mdogo wako,
Brashi