Vimondo Kumi na Kimoja

Kasha, Bukavu, 14 Agosti 2023

Mwanangu Fanny,

Jambo sana. Mimi ni salama, goti tu linasumbua. Na wewe huko Liège?

Gazeti lenu la nyota lilisema tutaona vimondo mia moja kwa saa. Nilipoona jina lako chini ya makala, nikaita majirani. Tulikaa uani kuanzia saa nane ya usiku. Saa nzima nilihesabu kumi na kimoja. Jirani yetu Papa Léopold alicheka mpaka akaenda kulala. Kiti cha marehemu maman yako hakuna aliyekikalia.

Ni macho yangu yamezeeka, ao ni gazeti?

Papa yako, Adalbert

Liège, 2 Septemba 2023

Papa mupenzi,

Pole na goti. Macho yako ni mazima. Ile mia moja ni ya giza kamili, na sehemu ya anga vinapotokea iwe juu kabisa ya kichwa. Kwenu inabaki chini, kaskazini, na vingi hamvioni. Niliyaandika hayo, mkuu wangu akayakata, eti namba kubwa inauza. Nami nikakubali.

Lakini usiku ule nami niliangalia, nikahesabu arobaini. Tulikuwa pamoja.

Binti yako, Fanny

Kasha, 5 Oktoba 2023

Fanny,

Salamu. Goti limepoa. Arobaini yako niliiandika kwenye daftari kwa furaha. Kisha likafika gazeti jipya: wasomaji wa Liège wanalalamika kwamba usiku ule mawingu yalifunika mji wote.

Nimeifuta. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja, unajua ninavyochukia namba ya kubuni. Niko peke yangu hapa, mwanangu. Usinidanganye ili nifurahi.

Papa yako

Liège, 13 Agosti 2024

Papa,

Unaendeleaje? Miezi kumi sikukuandikia, kwa aibu. Mwaka jana nililala tu, sikutoka nje.

Safari hii nilikataa kuandika bila yale maelezo yaliyokatwa. Wameyachapa, kwa herufi ndogo. Na jana usiku nilikaa kwa saa mbili kwenye uwanja wa mpira. Mawingu matupu. Sifuri. Nililia, nikiwaza kiti cha maman.

Binti yako

Kasha, 30 Agosti 2024

Fanny wangu,

Jambo sana. Goti limerudi, mengine salama. Majirani hawakuja mwaka huu. Nilihesabu tisa.

Nimeandika daftarini: Kasha, tisa, Liège, sifuri. Hiyo sifuri nimeipigia mstari chini yake, kwa sababu ulitoka nje kuitafuta. Tangu maman yako atuache, ni mara ya kwanza sikuhesabu peke yangu.

Papa yako