Anachotazama Baba

Jumanne, 4 Juni 2024

Baba kafunguliwa bandeji. Anaona! Miaka yote ya mtoto wa jicho, leo kaona mpaka malori yanayopanda kutoka mpakani Rusumo. Nesi Adelfina kasema daktari mgeni aliyempasua anataka sentensi moja ya Kiingereza ya ripoti yake: mgonjwa sasa anapenda kutazama nini? Niandike mimi, msomi wa nyumba. Msomi! Nimeandika look. Nimefuta. Look hata mbuzi anafanya.

Jumatano, 5 Juni

Watch? Hiyo ya mpira. Gaze? Kamusi inasema kukodoa macho — Baba hakodoi. Anashika mgomba, anarudi nyuma kidogo, anaguna kwa raha. Admire, basi, kutazama kwa kupendezwa. Baba na migomba yake. Sawa kabisa. Mbona situlii?

Kwa sababu Mama hayumo. Tangu jana chai nampelekea mimi. Maji ya kuoga, mimi. Mama yuko jikoni tu, kitenge mpaka usoni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemuuliza Mama. Kawaka! Ati macho ya Baba yalipozimika yeye alikuwa na meno yote na nywele nyeusi. Sasa aje aone nini? Atazame migomba yake. Nikacheka. Kumbe machozi yanamlenga. Najichukia.

Jioni Baba kauliza kama Mama anaumwa. Nikasema ana kazi. Kila siku kazi, akasema, akageukia malori yake.

Jumapili, 9 Juni

Adelfina kapiga simu baada ya misa. Daktari anaondoka kesho, sentensi iko wapi? Nimekaa uani, nataka kutuma ile ya migomba, yaishe.

Baba kainuka. Hakuniita nimshike mkono. Kaenda moja kwa moja jikoni, kasimama mlangoni.

Mama kavuta kitenge. Kamwambia atoke hapo, anamzibia mwanga. Katoka? Wapi! Kasogea pembeni tu, jua likaingia likampata Mama usoni. Baba anamtazama. Hata haguni.

Nimefuta admire. Sijui niweke nini. Maharage yanaungua, nasikia harufu mpaka huku, na hakuna anayeyajali. Simu inaita — Adelfina tena. Siipokei. Kitenge kimemteremka Mama mpaka mabegani, na hakipandishi.