Maana ya Neno Kelu

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu za mjomba wako. Mimi mzima, ila magoti yananigombeza kwenye ngazi. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mama yako anapata usingizi.

Barua yako ya kwanza niliisoma kazini, nikaacha miwani ya mteja mezani bila skrubu. Ulisema tangu kiharusi kimpate, mama yako amesahau maneno ya watu wote, amebaki na lugha aliyoitunga utotoni. Ulifanya vizuri kuniuliza. Hakuna mwingine aliye hai anayeijua.

Sijakueleza nilivyojifunza. Dada alikuwa na daftari, na maneno aliyachagua yeye peke yake. Nikishayashika, anayafuta, anachagua mengine, na wenzetu wote wanaambiwa isipokuwa mimi. Nikiomba maji kwa neno la wiki iliyopita, ananisimamisha kando ya mtungi mpaka nibahatishe jipya. Alikuwa akiniambia lugha imekua, wewe kibogoyo umebaki palepale, nao wanacheka hadi wanashika mbavu. Siku moja nilisimama tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikaanguka. Basi nikayakariri yote, ya mwanzo na ya mwisho, hata aliyokwisha kuyasahau mwenyewe. Baada ya miaka arobaini ugenini, majina ya majirani zetu yamenitoka. Maneno hayo hayajanitoka.

Uliniuliza maana ya kelu, neno analosema mama yako kila mara muuguzi anapomgeuza kitandani, maana uso wake uliolegea hauonyeshi kitu. Nilikujibu kwamba anasema asante. Ukaniandikia kuwa muuguzi amefurahi sana, siku hizi anamgeuza mara nyingi zaidi, na wewe humwitikia mama kwa kicheko, ukimwambia hakuna shida, mama, ndiyo kazi yetu.

Mwanangu, kelu ni inauma.

Sikukosea. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima nikichagua neno la kukupa. Nilipolipata hilo nilijisikia vizuri, nikaenda kula.

Katika barua ya juzi unasema ameacha kulitamka, anawatazama tu, nanyi mnashukuru kwamba ametulia. Hajatulia.

Barua hii itachukua siku kumi na mbili kukufikia. Namba yako ya simu ninayo, iko hapa mbele yangu.

Wasalimie watoto. Mama yako nibusie mkono, taratibu.

Ni mimi,
mjomba wako