Pua ya Babu na Pipa la Mlangoni

Mpendwa Bi Godelieve,

Safu yako mimi huisoma kila Alhamisi wakati wa chakula cha mchana na sikudhani hata siku moja kwamba nami nitakuandikia, lakini wiki nzima nimelala vibaya na sina mwingine wa kumweleza, kwa hiyo naomba unisaidie, na ukiichapisha barua hii tafadhali usitaje kijiji, maana hapa kwetu bonde la mto Zenne, Ubelgiji, kila mtu anajua pipa la kila mtu. Majina nimeyabadilisha. Mimi ni karani wa manispaa, naandikisha waliozaliwa na waliokufa, na nimelelewa na babu yangu, nimwite Gommaar, ambaye ni mchanganyaji wa bia chachu kama baba yake alivyokuwa.

Babu hapiki bia mwenyewe, huinunua ikiwa changa, huilaza kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha baridi ikikaribia kuisha huonja pipa baada ya pipa na kuamua lipi lichanganywe na lipi, na uamuzi huo wote, Bi Godelieve, unakaa puani mwake.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwenye tamasha la bia katika ukumbi wa parokia kama kila mwaka, yeye na kofia yake ya sufu, mimi na kikapu cha mkate, jibini nyeupe na figili, bendi ya tarumbeta ikipiga na vijana wenye ndevu walioshuka treni kutoka Brussels wakiinamia glasi kana kwamba kuna maandishi ndani yake. Unajua desturi yetu: wachanganyaji hupeana glasi isiyo na jina, na anayepewa lazima aseme imetoka ghala la nani. Babu hajawahi kukosea. Odiel, mshindani wake tangu walipokuwa wakivaa kaptula za shule, akamletea glasi na watu wakasogea.

"Haya, mzee mwenye pua," Odiel akasema, "leo tukuone. Ukikosa unaniosha mapipa yote."

"Mapipa yako wewe? Si yalioshwa mara ya mwisho na mafuriko!"

Watu wakacheka, na Babu, badala ya kunusa, akanipa mimi ile glasi. "Sefke, anza wewe. Unasemaje?"

Niliona haya mbele ya watu wote wale lakini nikanusa. "Ndimu, Babu. Nyasi zilizolowa. Na blanketi la farasi."

"Blanketi la farasi!" Babu akapiga meza. "Basi ni ya kwako mwenyewe, Odiel. Nani mwingine bondeni analala zizini?"

Ukumbi ukapiga makofi, Odiel akamkumbatia, nami nikafurahi, na furaha yangu haikudumu, kwa sababu Fientje, mke wa Odiel, alitufungulia chupa ya zamani ambayo kizibo chake kilikuwa kimevuja, na mimi niliisikia harufu ya siki, bia iliyokwisha kuharibika, kabla glasi haijafika mezani, lakini Babu aliinywa yote hadi tone la mwisho, akafuta masharubu, akasema, "Safi kabisa, Fientje. Kama ya marehemu baba yako." Fientje akainusa ile chupa, akanitazama, akamwaga iliyobaki kwenye ndoo, kisha akamuuliza Babu habari za magoti yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuunganisha mambo. Tangu Krismasi Babu amekuwa akisema ana mafua. Kila Jumamosi tunashuka ghalani, anachota kidogo kutoka mapipa mawili matatu, ananipa mimi kwanza, anauliza, "Sefke, unasemaje?", mimi nasema, yeye anaitikia kwa kichwa na kuweka alama ya chaki kwenye pipa. Nilidhani ni mchezo wetu tu, kwa sababu hata nilipokuwa mdogo alinichezesha hivyo na vikombe vya maziwa.

Na sasa jambo linaloninyima usingizi. Pipa lililo karibu na mlango alilijaza wiki aliyozikwa Bibi. Hakuligusa miaka mitatu, amekuwa akilingoja, anasema ndilo litakalokuwa moyo wa mchanganyiko wa mwaka huu. Wiki kadhaa zilizopita alilichota akanipa, na ilikuwa siki, siki kali ya kutoa machozi, na yeye alikuwa ameshika mshumaa akinitazama usoni kwa namna iliyonifanya nishindwe kusema ukweli, nikasema, "Nzuri, Babu. Inakuja vizuri." Akalichora msalaba wa chaki, alama ya pipa bora.

Jumamosi hii anachanganya. Nikinyamaza, siki ile itaingia katika bia yote, chupa zitalala hadi tamasha la mwakani, zitafunguliwa mbele ya bonde zima, na jina la Babu litakuwa kichekesho. Nikimwambia, itabidi nimwambie pia kwamba pua yake imekufa, na mchanganyaji asiye na pua ni nani? Nimewaza kuingia ghalani asipokuwepo nikaling'oe kizibo bia imwagike, ionekane ni ajali. Nimewaza kuufuta ule msalaba. Mimi si mtu jasiri, Bi Godelieve. Watu huja dirishani kwangu wakilia, lakini wao ndio wanaoniletea mimi habari kwamba fulani amekufa. Sijawahi kumpa mtu habari mbaya ambayo hakuwa anaijua tayari. Nifanye nini?

Karani Mwoga


Karani,

Kunywa maji kwanza, halafu isome tena barua yako kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Unasema babu yako hajui. Hajui? Mtu ambaye hajawahi kukosea anapewa glasi mbele ya bonde zima, mshindani wake amesimama mbele yake, naye anampa nani anuse kwanza? Nani amewahi kuugua mafua kutoka Krismasi hadi mwisho wa baridi? Mzee huyo alijua kabla yako, mwanangu. Siku ile kahawa ya asubuhi ilipokosa harufu alijua, akakaa nalo peke yake, kisha akafanya jambo gumu kuliko yote: akamtafuta mtu wa kumwamini. Amekukabidhi wewe pua yake. Hakuweza kulisema kwa maneno, basi amelisema kwa glasi.

Na wewe ukaipokea pua ya watu ukaifanyia nini? Ukamvika mzee wako kilemba cha ukoka. Sitakubembeleza katika hili. Pipa la mlangoni haliingii katika mchanganyiko kwa sababu babu yako hasikii harufu. Linaingia kwa sababu wewe, unayeisikia, ulisema "nzuri." Ule msalaba wa chaki ni wako, yeye alishika chaki tu.

Najua kwa nini ulisema vile. Ningekuwa mimi, na mshumaa ule, na pipa la wiki ya mazishi, pengine ningesema hivyo hivyo. Lakini huruma ya dakika moja haifai kuachwa ikaharibu bia ya mwaka mzima.

Baba mkwe wangu alipiga tarumbeta kubwa katika bendi ya kijiji chetu miaka mingi akiwa kiziwi. Aliufuata mkono wa mpiga ngoma. Bendi nzima ilijua, na hakuna aliyemtangaza wala aliyemdanganya. Mpiga ngoma alikuwa akiuinua mkono juu zaidi kidogo, basi. Fientje ni mtu wa namna hiyo. Jifunze kwake.

Sasa sikiliza. Ghalani usiingie kwa siri, wala chaki ya mzee usiiguse. Amekwisha kupoteza pua. Ukianza kummwagia mapipa nyuma ya mgongo wake utakuwa umemnyang'anya na macho. Jumamosi nenda mapema, na mkate wako na figili zako. Kabla hajachota chochote, mwambie: "Babu, pipa la mlangoni ni siki. Hata siku ile lilikuwa siki. Nilikudanganya kwa sababu ni la Bibi." Kisha funga mdomo. Akikasirika, akasirike. Akikuita kichwa cha boga, kubali, siku ile ulikuwa nacho. Akilia, usimtafutie leso upesi upesi kama unavyofanya kazini. Kaa naye.

Habari ya pua usiianze wewe. Ni yake, ataitaja akitaka. Na akiitaja, usimpe pole, muulize: "Hili la miaka miwili tuliweke na lipi?" Utaona uso wake. Wewe utamwambia kilichomo ndani ya glasi, lakini kujua pipa gani lioane na lipi hakuko puani, kuko kichwani mwake, na kichwa cha mzee anayemjibu Odiel namna ile ni kizima kabisa. Unauliza mchanganyaji asiye na pua ni nani. Ni mchanganyaji mwenye mjukuu.

Pipa la bibi yako msilimwage. Wanawake wa bonde hili wamepika sungura kwa siki ya bia tangu zamani, na sidhani bibi yako alikuwa tofauti. Jazeni chupa, na kila Pasaka mmoja wenu ampike sungura huyo vizuri.

Mwakani, glasi isiyo na jina ikija, ipokee wewe kwanza bila kungoja kupewa, na ukisema unachokisikia, sema kwa sauti.

Na hilo la mwisho uliloliandika, kwamba hujawahi kumpa mtu habari mbaya ambayo hakuwa anaijua tayari. Hata hii haitaivunja rekodi hiyo. Mzee amekuwa akija dirishani kwako kila Jumamosi tangu Krismasi, na habari yake mkononi, ndani ya glasi. Amesimama pale bado. Mhudumie.

Godelieve