Kelele Tunazozisikia Sisi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha msimu wa baridi kimekuacha upumue. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya siku zenyewe. Mume wangu anakusalimu. Bado anaendesha lori lake na bado anacheka kwa sauti inayotikisa sufuria. Mjukuu wako Katibu anakusalimu pia. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu hakuna jambo linalofanyika humu ndani bila utaratibu wake: soksi zigeuzwe nje ndani ndipo zivaliwe, mchuzi usiguse wali, redio izimwe kabla bomba halijafunguliwa. Tulikuwa tukicheka. Sasa hatucheki sana, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe huulizana habari za mvua, kisha tunaagana.

Mwaka huu Katibu ameanza darasa la kwanza. Haikupita wiki mwalimu wake akaniita. Alisema mtoto huziba masikio kengele ikilia na kujibanza chini ya dawati, hataki sweta ya shule, na kuna mwenzake alimkumbatia kwa nyuma akang'atwa mkono. Mwalimu hakuwa mkali, lakini alinitazama kama mtu aliyeona ukuta umejengwa mshazari, sasa anamtafuta fundi. Akasema kwa upole kwamba mtoto akidekezwa sana huwa hivyo. Kesho yake nilimvalisha sweta kwa nguvu. Alilia mpaka akatapika, na nilipomvua nikakuta shingo yote imekuwa nyekundu kwa kujikuna.

Hospitali walimpima masikio wakakuta hayana kasoro. Mwishowe tukaelekezwa kwa mtaalamu mmoja, mama wa makamo anayeongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Chumba chake kina bembea, na beseni la maharagwe makavu ambamo watoto hutumbukiza mikono. Alikaa na Katibu mara kadhaa, kisha akanieleza kwamba ana tatizo la kuchakata hisia. Alisema ubongo wa watu wengi una bawabu. Sauti ya feni, mshono wa nguo, harufu ya mtu aliyekaa karibu, vyote hubisha hodi, naye bawabu huruhusu kinachohitajika na kuvirudisha vingine. Kwa Katibu bawabu hayupo. Vyote huingia kwa pamoja, na viatu vyao. Si deko, akasema, wala si ukaidi.

Halafu akaanza kuniuliza maswali huku akiandika. Mtoto akikatwa kucha inakuwaje? Nikamjibu kwamba kinachosumbua si mkasi, ni ile hewa inayogusa ncha za vidole baadaye, siku nzima. Na zile taa ndefu nyeupe? Nikasema zina mlio mwembamba kama mbu asiyetua, na ukishausikia haukuachi tena. Na kuguswa? Nikasema kushikwa kwa nguvu kunavumilika. Balaa ni kuguswa kidogo, kama mtu anayekupitishia unyoya, maana ngozi husisimka mpaka kwenye meno. Nilikuwa naongea harakaharaka, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao. Niliponyamaza nikaona ameweka kalamu chini.

"Haya amekueleza mtoto?" aliniuliza.

Nikasema hapana, Katibu hawezi kueleza namna hiyo.

"Basi hapa tunamzungumzia nani, mama?"

Baba, nilitazama yale maharagwe. Maisha yangu yote nilidhani kila mtu yuko hivi. Nilidhani nyote mnausikia mlio wa taa na nyote mishono inawakuna, ila nyinyi mna subira na mimi sina.

Unajua kwamba nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, tunafua mashuka ya hospitali. Hujawahi kuniuliza habari za wenzangu, nami sijawahi kukuambia kwamba sina. Wakati wa chakula wao hukaa meza moja, vijiko vinagonga sahani, mmoja anasimulia huku anampigapiga jirani yake begani. Mimi hubeba chakula changu hadi stoo na kuketi katikati ya rafu, kwa sababu mashuka yaliyokunjwa hunyonya sauti. Wamenipa jina la Malkia. Mwanzoni ulikuwa utani nami nikacheka. Siku moja nilimsikia mmoja akisema Malkia hali na watumwa wake, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Ningependa kuwaambia kwamba hadithi zao nazisikia zote kupitia mlangoni, na kwamba zipo zilizonichekesha mpaka nikajifuta machozi kwa shuka la mgonjwa. Lakini utaanzia wapi?

Jioni ile tuliporudi kutoka kwa mtaalamu nilimweleza baba Katibu. Aliuliza mtoto amemrithi nani, maana kwao hakuna mtu wa namna hiyo. Nikamwambia amenirithi mimi. Nikamweleza kwa nini akirudi safari na kuniwekea mkono shingoni huwa naruka kama nimeangukiwa na kaa la moto. Nikuambie ukweli, Baba, ameacha kunigusa kidogokidogo, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba, na sasa analala sebuleni akisingizia mgongo.

"Mimi nilijua hunitaki," alisema hatimaye, "ila umebaki kwa ajili ya mtoto."

Hakusema kwa hasira. Nilimwambia namtaka. Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kuosha lori. Sijui kama ameniamini, na sebuleni bado analala. Ila asubuhi yake nilimkuta amekaa na fulana mpya ya Katibu mapajani, anakata lebo kwa wembe, ulimi nje, mwanamume mzima.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mtaalamu aliniuliza kama kwetu yuko mwingine wa namna yangu. Nikasema hayuko. Nilikuwa nimefika barabarani, nimemshika Katibu mkono, nilipokukumbuka wewe.

Siku tuliyomzika Mama nyumba ilijaa, na kila chumba kilikuwa kinalia. Wewe ukatoweka. Shangazi alinituma nikutafute, huku akisema kaka yake ana moyo wa jiwe hata siku kama ile. Nilikukuta kwenye chumba cha zana. Hukuniona. Ulikuwa umekaa sakafuni, umejifunika blanketi zito kichwani, umelikaza kwa mikono yote miwili, unajibembeza mbele na nyuma. Nikarudisha mlango taratibu, nikamwambia Shangazi kwamba sikukuona. Sijamwambia mtu mpaka leo. Nilidhani nimeona aibu yako, nikaisitiri.

Juzi tulipata wageni, Katibu akapotea. Nilimkuta ndani ya kabati amejifunika vilevile, anajibembeza vilevile. Nikakaa sakafuni nikalia, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Katika utoto wangu wote sikumbuki ukinikumbatia. Nilipokushika mkono uliutoa polepole, kwa adabu, usije ukaniumiza. Nami nikajifunza kutokushika. Nilidhani kuna kitu nilikosa ambacho watoto wengine walizaliwa nacho. Kumbe tulikuwa wawili katika nyumba ile, Baba, kila mmoja akidhani ana ukuta wake, na ukuta ulikuwa mmoja, tumeuegemea pande mbili.

Huenda nimekosea. Kama nimekosea nisamehe, uichane barua hii, na tukipigiana simu tuulizane habari za mvua kama kawaida. Sitadai jibu.

Shule zikifungwa nitamleta Katibu. Tafadhali usiwaite majirani waje kutupokea. Yeye hatapenda kushikwa, nami sitakushika. Tutakusalimu kwa mbali, kila mtu atachagua pembe yake, tutakaa. Sijawahi kutamani mazungumzo ya mtu yeyote kama ninavyokitamani kimya hicho.

Shangazi mpe salamu zangu, haya mengine usimpe. Jifunike vizuri, kikohozi kisirudi.

Ni mimi mwanao,
Mama Katibu